Hesabu Pumzi za Paka Wako: Mazungumzo Kuhusu Ugonjwa wa Moyo wa Paka

    Vuta kigoda karibu na redio tuzungumze.

Leo mada yetu ni paka. Huenda ukajiuliza, je, mazungumzo ya afya na paka yanahusiana vipi? Nami nakuuliza: ni nani analinda mahindi yako stoo usiku? Mtoto wako akitoka shule humshika nani kwanza? Na siku paka anapougua, ni nani hutumwa kumtafutia dawa? Paka ni mmoja wa nyumba. Akiugua, kuna mambo mawili tunayofanya kwa nia njema ambayo huleta madhara makubwa. La kwanza ni kumpa dawa ya binadamu. La pili ni kumshika kwa nguvu akiwa na maumivu, na hapo hutuuma. Kwa hivyo, mama, sikiliza hadi mwisho.

PAKA HUWA NA UGONJWA WA MOYO?

Ndiyo, huwa nao. Moyo wa paka una vyumba vinne kama wako, ila ni mdogo, karibu na ukubwa wa ndimu ndogo. Nao hupiga upesi sana. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa paka, kati ya mara 140 na 220 ni kawaida. Kwa hiyo usishtuke ukimpakata ukasikia moyo wake ukienda mbio.

Ugonjwa unaowapata paka wengi zaidi ni ule wa nyama ya moyo kuwa nene. Kuta za moyo zinanenepa na kukazika, na nafasi ya kuingiza damu inapungua. Fikiria mtungi ambao kuta zake zimekuwa nene kwa ndani. Kwa nje ni mtungi ule ule, lakini maji yanayoingia ni machache. Damu ikikosa nafasi hurudi nyuma kuelekea mapafu, na maji huanza kujaa ndani ya mapafu au kando yake. Hapo ndipo paka anapoanza kupumua kwa shida.

Mara nyingi ugonjwa huu hudhaniwa kurithiwa kutoka kwa wazazi. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, zaidi ya paka 1,000 walioonekana wazima walipimwa moyo. Karibu 15 katika kila 100 walikutwa na unene huo. Wengi wao huishi miaka mingi bila taabu yoyote. Kwa hivyo kuwa na ugonjwa huu si kusema paka atakufa kesho. Linalotakiwa ni kumwangalia.

CHAKULA NA MOYO

Sasa tuje kwa jambo ambalo liko mikononi mwako kabisa. Kuna ugonjwa mwingine ambapo moyo hulegea na kupanuka kama mpira uliochoka. Kwa miaka mingi madaktari wa wanyama hawakujua chanzo chake. Mwaka 1987, watafiti wa chuo kikuu cha California kule Marekani, wakiongozwa na daktari Paul Pion, walionyesha kwamba wengi wa paka hao walikosa kirutubisho kinachoitwa taurini. Walipoongezewa taurini, mioyo ya wengi ilipata nguvu tena. Viwanda vya chakula cha paka vikaongeza taurini katika chakula chao, na ugonjwa huo ukapungua sana.

Taurini inapatikana wapi? Inapatikana katika nyama, samaki, na katika panya mwenyewe. Haimo katika ugali. Haimo katika wali wala viazi. Mwili wa mtu na hata wa mbwa kwa kawaida huweza kujitengenezea. Mwili wa paka hutengeneza kidogo mno, kwa hivyo ni lazima aile. Akiikosa kwa muda mrefu, moyo unalegea na macho yanaharibika. Moyo unaweza kurudia nguvu zake, lakini macho yakishapofuka kwa sababu hii hayarudi.

Mama, hebu angalia sahani ya paka wako. Ni ugali na maziwa asubuhi, ugali na maziwa jioni? Kama anakamata panya kila siku, anajitafutia taurini mwenyewe. Lakini yule paka anayefungiwa ndani, yule mzee asiyeweza tena kuwinda, na yule mama aliye na watoto wanaonyonya, hao wanakutegemea wewe.

Huhitaji pesa nyingi. Ukinunua omena sokoni, mtolee wake zikiwa hazijatiwa chumvi. Ukichinja kuku, moyo, maini na vipande vya ngozi na shingo visitupwe. Chemsha, toa mifupa iliyopikwa kwa sababu huvunjika na kumchoma koo, kisha mpe nyama pamoja na supu yake. Supu usiimwage, kwa maana taurini huyeyuka ndani ya maji ya kuchemshia. Na usimpe nyama mbichi. Inaweza kumwambukiza vimelea ambavyo ni hatari kwa mama mjamzito hapo nyumbani.

Jihadhari na mchuzi wa familia. Vitunguu huharibu chembe za damu za paka, hata vikiwa vimepikwa. Chakula cha mbwa nacho usimlishe kila siku, maana hakikutengenezwa kwa mahitaji ya paka.

ALAMA ZA KUANGALIA

Paka huficha ugonjwa. Hatalia wala kulalamika kama mtoto. Atajificha chini ya kitanda au nyuma ya magunia, na wewe utafikiri amechoka tu au amekuwa mvivu. Mara nyingi mwenye moyo mbaya hata hakohoi. Paka anayekohoa sana mara nyingi ana shida ya njia ya hewa. Basi utajuaje?

Utajua kwa kuhesabu pumzi. Akina mama wengi mmewahi kumwona mhudumu wa afya ya jamii akihesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika pumzi 40 kwa dakika au zaidi, tunashuku nimonia. Basi ujuzi ni ule ule, ila hesabu ya paka ni tofauti.

Fanya hivi. Ngoja paka alale usingizi, mahali penye kivuli, pasipo joto kali. Asiwe anakoroma kwa raha, na asiwe ametoka kukimbia. Usimguse. Angalia ubavu wake. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa au simu. Paka mzima akilala huvuta pumzi chini ya 30 kwa dakika, na wengi huwa chini ya 25. Mhesabu siku tatu tofauti akiwa mzima, uandike, ili uijue kawaida yake. Kazi hii mpe mtoto wa shule aliyejua kuhesabu vizuri. Ataifurahia, naye atajifunza kumwangalia mnyama bila kumsumbua.

Ukikuta pumzi zimezidi 30 akiwa amelala, subiri kidogo uhesabu tena. Zikibaki juu ya 30, piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Zikifika 40 na zaidi, au ukimwona anapumua kwa mdomo wazi kama mbwa, amenyoosha shingo na viwiko vimetanuka, hiyo ni dharura. Usingoje kesho.

Alama nyingine ni hizi: kukonda, kukataa chakula, kuacha kuruka juu ya ukuta aliouzoea, kuzirai, na ufizi kuwa mweupe au wa samawati.

Iko alama moja ambayo huwaogopesha watu sana. Paka alikuwa mzima asubuhi, mara analia kwa sauti kubwa, miguu ya nyuma imekufa, anaiburuta. Ukigusa nyayo zake ni baridi, na zimebadilika rangi. Wengine husema amepigwa na jirani. Wengine husema amerogwa. Hapana. Mara nyingi ni damu iliyoganda ndani ya moyo mgonjwa, donge likasafiri na mshipa hadi mahali unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma, likaziba hapo. Ni jambo la maumivu makali mno. Usimkande kwa maji moto wala usimvute miguu. Huyo ni wa daktari mara moja.

SI KILA PUMZI YA HARAKA NI MOYO

Nisikufanye uogope bure. Huku kwetu, paka akipumua upesi inaweza kuwa sababu nyingine. Kitoto cha paka chenye viroboto wengi au minyoo hupungukiwa damu, na ufizi wake huwa mweupe kama karatasi. Paka aliyekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kutokwa damu ndani ya kifua. Yupo mwenye nimonia, na yupo aliyegongwa na pikipiki. Paka mzee anayekula sana na bado anakonda huenda ana shida ya tezi ya shingoni, ambayo huufanya moyo kwenda mbio. Hiyo ina dawa. Ndiyo maana kazi yako ni kuona na kuhesabu, na kazi ya kutaja ugonjwa ni ya daktari.

Na hapo kwa viroboto niongeze neno. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimpake paka. Paka hujilamba mwili mzima, na dawa nyingi za namna hiyo humletea kutetemeka na kifo. Uliza dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

USIMPE DAWA YA BINADAMU

Neno hili nalirudia polepole. Usimpe paka paracetamol. Hata tembe moja ya miligramu 500 inaweza kumwua. Ini la paka halina uwezo wa kuiondoa mwilini kama ini letu. Damu yake hubadilika isiweze kubeba hewa, ufizi unakuwa wa rangi ya hudhurungi au samawati, uso unavimba. Ukimpa paka anayepumua kwa shida, umeongeza shida juu ya shida. Vilevile usimgawie dawa za presha za nyanya, wala aspirini, wala dawa iliyobaki ya mtoto. Ikiwa tayari amekwisha kumeza, chukua pakiti uende nayo kwa daktari, umwambie ukweli ni kiasi gani na saa ngapi. Hatakugombeza. Ukweli huo ndio utakaomsaidia paka.

KUMPELEKA KWA DAKTARI

Tafuta katoni au kikapu chenye kifuniko, toboa matundu, tandika nguo kuukuu. Mfunike kwa taulo umwinue pamoja nayo, bila kumbana kifua. Usimlazimishe kunywa maji wala maziwa, kwa maana anayepumua kwa shida anaweza kupaliwa. Piga simu kwanza ili daktari ajue unakuja. Njiani pawe kimya, na watoto wasimfungue kila mara kumtazama. Woga peke yake unaweza kumzidishia.

Utampeleka wapi? Anza kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Wengi huwaita madaktari hawa madaktari wa ng'ombe, lakini paka naye ni wao. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka kila anayetibu wanyama awe amesajiliwa, na si aibu kuuliza. Anayeuza dawa dukani si lazima awe daktari.

Daktari atasikiliza kifua. Huenda akasikia mvumo katika moyo. Mvumo peke yake hauthibitishi ugonjwa, na wako wagonjwa wasio na mvumo. Kipimo kinachoonyesha unene wa moyo ni skani, ile ya namna wanayopimwa akina mama wajawazito. Kwa kipimo hicho huenda akakuelekeza Nairobi, mathalani katika kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au kliniki ya binafsi. Si kila mtu ana uwezo wa safari hiyo, na daktari anajua. Mweleze waziwazi una kiasi gani. Muulize maswali matatu: Unashuku nini? Ni matibabu gani tunaweza kuanza hapa hapa? Nikiona nini nirudi?

KUMTUNZA NYUMBANI

Ugonjwa wa nyama ya moyo kunenepa hauponi, lakini paka anaweza kusaidiwa kuishi vizuri kwa miezi au hata miaka. Kama maji yamejaa kifuani, daktari anaweza kuyatoa kwa sindano, au kumpa dawa ya kumfanya akojoe maji hayo. Akihofia damu kuganda, ataongeza dawa ya kuizuia. Vipimo vya dawa hizi huenda kwa uzito wa paka, ambao mara nyingi ni kilo tatu hadi tano tu. Ndiyo maana hupaswi kukisia.

Mpe dawa kwa saa zile zile kila siku, ukiificha ndani ya kipande cha samaki. Akipata nafuu usiache. Maji safi yawe karibu naye muda wote. Asipewe vyakula vya chumvi. Mtengee mahali pa joto, mbali na moshi wa kuni na mbali na mbwa. Endelea kuhesabu pumzi akilala, kila siku, uandike kwenye daftari. Daftari hilo litamsaidia daktari kujua kama dawa inatosha.

USALAMA WA WATU

Paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Watoto wakae mbali. Na ukimwona paka amebadilika ghafla, anashambulia watu bila sababu, anatokwa na mate mengi au ameanza kupooza, usimshike kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na nyumba yako ina sehemu yake: mpe paka chanjo pamoja na mbwa.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali ya Runyenjes, au kituo kingine kilicho karibu, siku hiyo hiyo. Usipake majani wala mafuta. Usingoje kuona paka atafanya nini.

ITAKAPOSHINDIKANA

Mara nyingine daktari atakuambia kwamba hakuna tena la kufanya, hasa kwa yule aliyepooza miguu kwa damu iliyoganda. Atakuuliza kama umkubalie amdunge sindano ya kumpumzisha bila maumivu. Si ukatili. Ukatili ni kumfunga katika gunia na kumtupa kando ya barabara, jambo ambalo bado linafanyika, na watoto wetu wanaliona.

Mtoto mwambie ukweli kwa maneno mepesi: moyo wake ulikuwa mgonjwa, tulijaribu, amekufa, harudi tena. Usimwambie ametoroka, kwa maana atamngoja mlangoni kila jioni. Usimcheke akilia. Kwa mtoto wengi, huyu ndiye msiba wa kwanza. Mwacheni amzike chini ya mti pamoja nanyi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Moja: ugali na maziwa peke yake havitoshi. Paka apate nyama au samaki aliyepikwa.

Mbili: mhesabu pumzi akilala. Zikizidi 30 kwa dakika, piga simu. Zikifika 40, au akipumua kwa mdomo wazi, nenda upesi.

Tatu: miguu ya nyuma ikifa ghafla na kuwa baridi, ni dharura, si uchawi.

Nne: usimpe paracetamol wala dawa yoyote ya binadamu.

Tano: akikuuma, sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Usiku wa leo, watoto wakishalala na paka naye akijikunja karibu na jiko, chukua saa umhesabu pumzi. Ni kazi ya dakika moja. Umwambie na jirani yako afanye vivyo hivyo.